Maziwa ya Moshi huko Louisville

Binti yangu alipoacha masomo ya uuguzi ili awe mpishi, sikulia wala sikupiga kelele. Nilimwambia sentensi moja tu, jikoni kwetu Buffalo, nikiwa bado nimevaa viatu vya kazini.

"Sikukaa kambini miaka yote ile ili mwanangu aje kuosha sufuria za watu."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wetu wa huku, kwamba haoshi sufuria, anapika. Halafu akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Mwezi uliofuata alipata kazi Louisville, akahama na mabegi mawili.

Kwa karibu miaka miwili tuliongea kama majirani wanaosalimiana juu ya ua. Nilimpigia simu nikamwuliza kama joto limezidi huko, naye akaniuliza habari ya mgongo wangu. Nafanya kazi katika kiwanda kimoja Tonawanda, tunapanga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi, kwa hiyo mgongo ni habari isiyokwisha. Kazi yake hatukuigusa. Kanisani, hapa West Side, watu wakiniuliza mtoto wangu mkubwa yuko wapi, nilisema yuko Kentucky, anafanya kazi, kisha nikawauliza habari za watoto wao.

Majira ya joto yaliyopita alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema mgahawa wao unawaruhusu wafanyakazi kualika watu wawili mara moja kwa mwaka, na kwamba anataka tuje mimi na mama mkubwa. Mama mkubwa ni dada yangu, ambaye mimi namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu Kivu. Anaishi Columbus na mwanawe wa kiume. Mama yetu alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja, na yaya ndiye aliyenilea. Kule kambi ya wakimbizi, Burundi, harusi yoyote kubwa ilikuwa haipikwi bila yeye.

Nilimpigia binti nikamwuliza wanapika chakula gani. Akasema mgeni hachagui. Mnakaa, tunawaletea, sahani kumi. Niliposikia kumi, niliwaza harusi: wali, nyama, ndizi, na watu wakifungiwa kilichobaki wapeleke nyumbani.

Niliomba ruhusa kazini siku mbili. Alhamisi nikaendesha gari, ziwa likiwa upande wa kulia mpaka karibu na Cleveland, kisha nikashuka kusini hadi Columbus, nikalala kwa yaya. Asubuhi nilimkuta ameshapika maharagwe, amechoma chapati na kuchemsha mayai, vyote amevifunga ndani ya taulo visipoe. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amemwonya kwamba migahawa ya namna ile huwapa watu chakula cha kuonja tu.

"Bon, basi," akaniambia, "tukishiba kwanza hatutaaibika."

Tukala garini tulipovuka mto pale Cincinnati, tumeegesha kando ya malori. Nilishiba kweli. Nasema hivi ili ieleweke kwamba niliyoyaona jioni ile sikuyaona kwa macho ya njaa.

Binti yangu anakaa Shively, katika nyumba ndogo ya matofali anayoshiriki na mwenzake wa kazini. Tulipofika, saa nane mchana, alikuwa ameshaondoka. Ufunguo alituachia chini ya chungu cha maua. Chumba chake kilikuwa safi kuliko nilivyomlea. Lakini dirishani alikuwa amepanga vikombe vya mbao, saba au vinane, na kila kimoja kilikuwa cheusi ndani, kimeungua. Nikatikisa kichwa. Nikasema moyoni, huyu ndiye mpishi. Yaya alikichukua kimoja, akakinusa, akakirudisha mahali pake, akaenda kuoga.

Saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa bado kali, tulisimama mbele ya jengo ambalo zamani lilikuwa ghala. Halikuwa na kibao, ila namba tu mlangoni. Yaya alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu na kilemba, mimi nguo yangu ya Pasaka. Mlango ukafunguliwa kabla hatujaugusa. Mhudumu, mwanaume mwembamba mwenye ndevu za mvi, alitukaribisha kama watu aliokuwa anawasubiri wiki nzima. Hakutuuliza jina.

Ndani hapakuwa na ukuta kati ya meza na jiko. Watu wanane hivi waliovaa aproni za kijivu walikuwa wakipika mbele ya macho ya wote, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kimya. Nimefanya kazi kiwandani miaka kumi; najua watu wanane wenye haraka wanapiga kelele kiasi gani. Hawa walipishana wakibeba visu na sufuria za moto, bila kugusana, wakisemeshana kwa sauti ya watu walio karibu na mtoto aliyelala. Binti yangu alikuwa katikati yao. Alikuwa ameinama juu ya sahani, na kwa kifaa kama kibano cha kutolea miiba alikuwa anaweka jani, moja, kisha jingine. Hakuinua kichwa. Nilimjua kwa shingo yake.

Sahani ya kwanza ilikuja. Ilikuwa kikombe kidogo sana cha supu ya rangi ya dhahabu, na jani moja juu. Mhudumu alifungua mdomo aeleze, lakini yaya alikuwa ameshafumba macho na kunyoosha mikono. Yaya haombei chakula kwa kifupi. Aliwaombea waliopika, waliolima, sisi tuliosafiri, na wale ambao jioni ile hawakuwa na kitu. Mhudumu akafunga mdomo, akaweka mikono nyuma, akasubiri. Baada ya amina alitueleza kwamba ile supu imetokana na magunzi. Punje wamezitumia kwingine. Gunzi ndilo walilolichemsha tangu asubuhi.

Kwetu gunzi hupewa ng'ombe, au huwashiwa moto. Nilikunywa. Ilikuwa tamu kama mahindi mabichi ya siku ile ile, tena kuliko mahindi yenyewe, kama mtu amekwenda akatoa ladha mahali ilikojificha. Nikamtazama yaya. Kikombe chake kilikuwa kitupu na alikuwa anakitazama ndani.

"Hii njo chakula yote?" akaninong'oneza, yaani ndicho chakula chote.

Nikamwambia bado tisa.

Ilipokuja ya pili akafumba macho tena. Nilimgusa goti nikamwambia tumeshaomba. Akanijibu kwamba ameombea kikombe, na hii ni sahani nyingine. Basi ikawa hivyo. Kila sahani iliombewa. Ilikuja nyanya iliyomenywa ikajazwa kitu cha baridi chenye harufu ya bustani baada ya mvua, ikaombewa. Ulikuja mkate na siagi, ukaombewa. Kufikia sahani ya nne, mhudumu alikuwa akiziweka mezani, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa mwenyewe. Wazee wawili wazungu, mke na mume, waliokuwa meza ya jirani, waliacha kutafuna mpaka yaya amalize. Mwanzoni niliona haya. Baadaye haya zikaniisha, kwa sababu niliona hakuna anayetucheka. Watu wa mahali pale walikuwa wakifanya kazi kwa heshima kubwa kiasi kwamba maombi yale yalionekana kuwa yamefika mahali pake.

Sahani ya tano ilikuwa samaki wa mtoni, ngozi yake imekauka ikawa kama kioo. Yaya hali samaki. Tulizaliwa milimani, mbali na ziwa, na wazee wetu hawakumla. Mimi nilijifunza kumla kambini, yeye akakataa. Nilikuwa nakaribia kumwambia mhudumu, ndipo nikaona kwamba sahani ya yaya haikuwa na samaki. Ilikuwa na kipande cha uyoga kilichokatwa umbo lile lile, kimekaangwa kwa namna ile ile, na majani yale yale juu yake. Ukitazama kwa mbali usingejua tofauti. Hakuna aliyetuuliza tunakula nini na hatuli nini. Nikatazama jikoni. Binti yangu alikuwa anafuta meza yake kwa kitambaa, mgongo umetugeukia.

Halafu yakaja maharagwe. Hapa sijui nitaelezaje. Lilikuwa bakuli pana la kijivu, na ndani yake maharagwe saba, siyo vijiko saba, maharagwe saba, kila moja la aina yake: jeusi, la madoadoa, la zambarau, jeupe kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Mhudumu alisema kila moja limepikwa peke yake, kwa muda wake, kwa kuwa hakuna mawili yanayoiva sawa. Akaomba tule moja moja.

Nilikula maharagwe kila siku kwa miaka kumi na miwili kambini. Tuliyapangia foleni, tukayachagua mawe, tukayapika kwa kuni za kuhesabu, tukayachukia. Nilipofika Amerika nilikaa mwaka mzima bila kuyanunua. Lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kutazama haragwe moja. Lile la kwanza lilikuwa na ladha ya njugu. La tatu lilikuwa laini likayeyuka kabla sijalitafuna. Lile jeupe lilikuwa na maji ndani yake, matamu na ya chumvi. Nilipofika la saba nilikuwa nimeweka kijiko chini, sikuweza kuendelea. Sikuwa na huzuni. Nilijiona kama mtu aliyeishi na mwenzake nyumba moja miaka mingi, halafu siku moja akamsikia anaimba.

"Kula," yaya akaniambia kwa upole. "Litapoa."

Nyama ya ng'ombe ilikuja kipande kidogo, tukaila. Baada yake nilitegemea kitu kitamu, kwa maana tulikuwa tumeshakaribia mwisho. Badala yake mhudumu alileta vikombe viwili vya chai ya majani, chungu, isiyo na sukari, akatuomba tunywe yote kabla ya sahani inayofuata. Aliondoka bila maelezo. Yaya alikunywa, kisha akasema, "Anaosha kinywa."

Nikamwuliza nani.

"Mtoto. Anatuosha kinywa. Maziwa yanakuja."

Nyumbani kwetu maziwa hayakunywewa juu ya nyama. Baba alikuwa mkali kwa jambo hilo. Aliyekula nyama alingoja mpaka kesho yake. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Huku nakula baga na aiskrimu kama kila mtu. Sikumfundisha binti yangu, wala sidhani kama nimewahi kulitaja mbele yake.

Sahani ya tisa aliileta mwenyewe. Alikuja na mabakuli mawili ya mbao yenye vifuniko, na nyuma yake alikuja chef, mpishi mkuu na mwenye mgahawa, mama mmoja mzungu mpana wa mabega, mikono ya shati imekunjwa. Binti yangu aliyaweka mezani. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya moto ambayo sikuwahi kuyaona. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile cha kwetu, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wageni wote:

"Mama, hii ni yangu. Si ya chef. Mimi njo niliifanya."

Akafunua.

Moshi ulitoka kidogo, ukapita usoni pangu, na nikawa na miaka tisa. Sina njia nyingine ya kulisema. Nilikuwa mlangoni mwa nyumba ya mama, naye ameinama, anageuza chombo cha maziwa juu ya moshi wa kijiti kilichowashwa, ili maziwa yakae na yanukie. Niliona kisigino chake kilichopasuka. Niliona kamba ya ndama. Chini ya moshi palikuwa na maziwa ya mgando, mazito, meupe, na katikati siagi iliyogandishwa ikakunwa kama theluji, na matone meusi ambayo baadaye niliambiwa ni asali ya mabua ya mtama, kitu ambacho watu wa Kentucky wamekipika tangu zamani. Mama hakuwahi kuweka mtama wala theluji. Hata hivyo kilikuwa chombo chake.

Ndipo mshangao uliponishika vizuri. Huyu mtoto alizaliwa Burundi, kambini, kwenye hema. Ng'ombe wetu hakumwona hata mmoja. Harufu ile haikuwahi kupita puani mwake. Alikuwa ameijenga kutoka hewani.

Nikamgeukia yaya. Alikuwa anatazama meza.

"Unajua habari hii," nikamwambia.

Akakiri. Alisema tangu mtoto ahamie Louisville, mtoto ndiye aliyekuwa anampigia yeye simu kila Jumatatu. Mwanzoni kumsalimia tu, kisha kumwuliza: bibi alipika nini, siagi ilitikiswa muda gani, chombo kilioshwa na nini. Alipouliza mti wa moshi, yaya alishindwa, kwa sababu jina la mti ule analijua kwa lugha ya nyumbani peke yake, na hakuna duka linalouza kitu kwa jina hilo. Wakaanza kujaribu. Binti alituma vipande vya miti kwa posta, yaya akavichoma kwenye balkoni huko Columbus, ananusa, anapiga simu kusema hapana. Siku moja kengele ya moto ililia, watu wa jengo zima wakashuka chini, na msimamizi akampa barua ya onyo. Nilikumbuka barua hiyo. Aliniambia aliunguza mandazi.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

Binti yangu ndiye aliyejibu. "Ulisema sufuria za watu, mama. Nilitaka uone kwanza."

Tukaombea maziwa, safari hii sote, na mwenye mgahawa akiwa amesimama na mikono imefumbatwa. Tukala. Wote walikuwa wanamtazama yaya. Alikula taratibu, akafuta mdomo, akafikiri.

"Haijafika," akasema.

Nilitaka kumfinya. Lakini binti yangu alikuwa ameshachomoa kalamu kwenye mfuko wa mkono wa shati, na daftari dogo lenye madoa ya mafuta. Akachuchumaa kando ya kiti cha yaya, pale chini, mgahawa umejaa watu. Akamwuliza nini kimepungua. Yaya akasema hakijapungua kitu, kimezidi. Moshi ukitoka, chombo kinafutwa ndani kwa siagi kidogo, kinaachwa wazi kidogo, ndipo maziwa yanaingia. Mtoto alikuwa anaharakisha; maziwa yamekula moshi wa juu, ule mkali. Yaya alionyesha kwa mikono jinsi ya kufuta, kidole gumba kikizunguka ndani ya bakuli. Binti aliandika huku akimtafsiria mwenye mgahawa, na yule mama mzungu akainama, akatazama kidole cha yaya, akaomba arudie. Yaya akarudia. Akaombwa tena. Yule mama akachukua bakuli langu tupu akajaribu mwenyewe, na yaya akamshika mkono akamrekebisha.

Dada yangu hajui kusoma. Nimemjazia fomu zote tangu tulipotua nchi hii, za hospitali, za nyumba, za uraia ambao bado unamsumbua kwa sababu ya mtihani. Nimezoea kumwona akiwa amekaa kwenye viti vya plastiki, pochi magotini, akisubiri aambiwe. Sikuwahi kuwaona watu wa nchi hii wakisubiri yeye aseme.

Ya kumi ilikuwa tunda dogo la misitu ya huko, laini kama parachichi na tamu kama ndizi. Nakiri sikulionja inavyostahili.

Kazi ilipokwisha, binti yangu alikuja kuketi nasi, amevua aproni, amechoka, mtu mzima. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nikamwambia tu kwamba nilimkosea. Akasema ni sawa. Nikamwambia si sawa, nilikukosea, nilisema bila kuona. Akaweka kichwa begani kwangu kwa muda mfupi, nywele zake zinanuka vitunguu na moshi, na yaya akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

Kesho yake alitupeleka kwenye shamba anakochukua maziwa, nusu saa kutoka mjini. Ng'ombe walikuwa wadogo, wa kahawia, hawana pembe. Yaya aliwahurumia kwa kukosa pembe. Kisha akamkaribia mmoja, akamkuna chini ya shingo na kumsemesha kwa lugha yetu, maneno ya kumsifu ng'ombe, marefu, ambayo sikujua kama bado anayakumbuka. Ng'ombe akanyoosha shingo. Mwenye shamba akavua kofia.

Ile sahani ya maziwa ilidumu mpaka mwezi wa kumi, ikaondolewa. Niliposikia niliumia, nikampigia simu binti nikiwa tayari kumgombeza mtu. Alicheka. Alinieleza kwamba huko vyakula havikai, vinakwenda na majira, na yeye ameshaanza kitu kingine. Sasa Jumatatu, siku yake ya kupumzika, ananipigia mimi baada ya kumaliza na mama yake mkubwa. Juzi aliniuliza kama nakumbuka chumvi waliyopewa ng'ombe milimani, ilikuwa na ladha gani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Tonawanda, nimesimama na koti mwilini. Nikamwambia asubiri niketi. Nikamsimulia jinsi, nikiwa mdogo, nilivyokuwa nalala kifudifudi kando ya ndama na kuilamba ile chumvi kwenye jiwe kabla ya mama kuamka, na kwamba ilikuwa na udongo, na baridi ya usiku, na kitu kingine.

"Kitu gani?" akauliza, kwa Kiswahili.

Nikafumba macho nikaanza kukitafuta.